Kichwa cha bomba la grisi kinachovuja, na kingine kinachong'ang'ania nipeli: ninunue cha aina gani?

Msimamizi wa Lugoba

Ndugu mafundi, habari za kazi. Ninasimamia utiaji wa grisi kwenye eskaveta mbili na loda moja katika machimbo ya kokoto huku Lugoba, mkoani Pwani, ambako vumbi la mawe huingia kila mahali kuanzia asubuhi hadi mitambo inapozimwa jioni. Tunatumia mabomba ya mkono yanayopokea kopo la gramu 400, na tatizo langu lipo kwenye kile kichwa cha mwisho wa hosi kinachoshika nipeli, yaani kile kichuchu cha chuma kwenye mashine kinachopokea grisi.

Kichwa cha kwanza nilikinunua duka la vipuri, na kabla ya wiki tatu kwisha kilianza kurudisha grisi pembeni ya nipeli, kiasi kwamba naona kama nusu ya kopo inaangukia ardhini. Kichwa cha pili kina tabia ya kinyume: kwenye pini za baketi kinashika nipeli kwa nguvu na kukataa kabisa kutoka. Juma lililopita kijana wangu alikivuta hadi hosi ikapinda na nipeli ikakatikia ndani ya mkono wa eskaveta. Nilipojaribu kufunga kichwa kipya cha akiba kwenye hosi ileile, kilizunguka mara mbili tu kikagoma.

Ninaomba kujua kama nitafute kichwa chenye meno matatu au manne, kama vile vya kisasa vyenye kifyatulio cha kujifunga vinastahili bei yake, na namna ya kuvitunza ili vidumu katika vumbi hili. Grisi ni ghali, na pini zikianza kulia gharama yake ni kubwa zaidi.

Fundi Pini, Geita

Ndugu Msimamizi, pole kwa nipeli iliyokatika. Kabla hujatoa fedha kununua kichwa kingine, fanya jaribio moja lisilo na gharama. Chukua nipeli mpya ambayo haijafungwa popote, ishike kwa koleo, ichomeke kwenye kichwa kisha upige bomba polepole. Grisi ikipita kwenye nipeli na kutokea upande wa pili bila kuvuja pembeni, kichwa chako ni kizima na ugonjwa uko kwenye mashine. Ikivuja hata hapo, ambapo hakuna kinachoizuia kupita, basi sili (kizibo cha kuzuia uvujaji) iliyo ndani ya kichwa imechanika au meno yamelika.

Nalisisitiza hili kwa sababu kile kichwa chako cha pili, kwa jinsi ulivyokieleza, huenda hakina kosa lolote. Ndani ya kichwa, msukumo wa grisi ndio unaobana meno kwenye shingo ya nipeli, kwa hiyo kadiri msukumo unavyopanda ndivyo meno yanavyozidi kukaza. Njia ya grisi ndani ya pini ikiwa wazi, msukumo hushuka mara tu unapoacha kupiga, na kichwa hutoka kwa urahisi. Njia ikiwa imeziba, msukumo hubaki umefungiwa kati ya kichwa na nipeli, na hapo hata watu wawili wakivuta hakitoki. Kichwa kinachogoma kutoka kinakuarifu kwamba pini hiyo haipokei grisi, na bila shaka haijapokea kwa muda.

Mfundishe kijana asikivute moja kwa moja. Akiinamishe kidogo upande mmoja ili grisi iliyobanwa ipate upenyo, na kikiendelea kugoma, afunge kitambaa kizito, akae pembeni, kisha alegeze shati la kichwa (ganda lake la nje) kwa spana nusu mzunguko na kusubiri msukumo uishe.

Sasa shughulikia pini yenyewe. Teremsha baketi chini, zima injini, funga mkono wa usalama, halafu fungua nipeli. Nipeli ikipitisha grisi ikiwa mkononi, kizuizi kiko kwenye bushi, ile bomba fupi ya chuma ambamo pini huzunguka. Mara nyingi uzito wa mkono na baketi huwa umeilaza pini juu ya tundu la grisi, kwa hiyo badilisha mkao wa baketi ili uzito uhamie upande mwingine, zima mashine tena, kisha ujaribu. Ikishindikana, mimina dizeli kidogo kwenye tundu, iache usiku kucha, na asubuhi uchezeshe baketi kabla ya kupiga grisi. Kama hata hapo haipiti, pini lazima itolewe na mfereji wake usafishwe. Hiyo ni kazi ya siku nzima, lakini kubadilisha bushi ni kazi kubwa kuliko hiyo.

Mwenyeji wa Kilifi

Hamjambo. Mimi nitajibu la thredi, yaani mistari ya kuzungushia ya kufunga kichwa kwenye hosi, kwa kuwa nimeona hosi nyingi nzuri zikiharibiwa hapo. Vichwa vya bomba la grisi vinavyouzwa kwetu huja na thredi za aina tatu zinazofanana mno kwa macho: ya Kimarekani ya NPT ya inchi 1/8 yenye thredi 27 kwa inchi, ya Kiingereza ya BSP ya inchi 1/8 yenye thredi 28 kwa inchi, na ya milimita, yaani M10x1. Vipenyo vyake viko karibu sana, kuanzia takriban milimita 9.7 hadi 10.3, ndiyo maana kichwa chako cha akiba kilikubali mizunguko miwili kisha kikakwama. Tafadhali usikilazimishe kwa spana na usizungushie utepe wa teflon ukitumaini kwamba utaziba kasoro, kwa sababu thredi zisizolingana zitavuja au zitafyatuka chini ya msukumo mkubwa. Nenda dukani na hosi yenyewe, na kama fundi wa jirani ana geji ya thredi, iazime.

Kuhusu meno, chagua manne. Yanashika shingo ya nipeli pande zote kwa usawa, na nipeli iliyolika kidogo bado hushikika. Baadhi ya vichwa hukuruhusu kukaza shati lake meno yanapoanza kulegea, na hivyo unaongeza miezi ya matumizi. Hata hivyo usikikaze kupita kiasi, kwa maana kitakuwa kigumu kuingia na kutoka hata kwenye nipeli nzima.

Vile vyenye kifyatulio mimi ninavipenda kwa mahali ambapo mtu anafanya kazi peke yake na anahitaji mkono mmoja kushika bomba na mwingine kupiga. Lakini pima nafasi kwanza. Nipeli nyingi za baketi zimefichwa ndani ya kikombe cha chuma ili mawe yasizivunje, na kichwa cha kifyatulio ni kinene na kirefu kuliko cha kawaida. Mwenzangu mmoja alikinunua kwa bei kubwa, kisha akagundua kwamba kinafika kwenye nipeli 9 kati ya 20 za mashine yake.

Mekanika wa Kolwezi

Ndugu zangu, nakubaliana na waliotangulia, ila kuhusu vile vya kifyatulio nina hofu moja. Kwa kuwa vinashika bila kuteleza, kijana asiye na uzoefu anaweza kuendelea kupiga bomba kwenye pini iliyoziba mpaka msukumo ufike mahali pa hatari. Bomba la kawaida la mkono hupita bar 400 bila shida, na yapo yanayokaribia bar 700, wakati tairi la lori lina kama bar 8 tu. Grisi ikitoka kwa msukumo huo kwenye tundu dogo la hosi iliyochoka, inapenya ngozi, na glavu haizuii. Jeraha lake huonekana dogo kama la kuchomwa na sindano na mwanzoni halina maumivu makali, lakini mgonjwa anatakiwa kufikishwa hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, na aeleze wazi kwamba ni grisi iliyoingia kwa msukumo. Kila asubuhi hosi ikaguliwe, na mtu asiishike kwa mkono mahali ilipopinda.

Kuhusu matunzo, sisi pia tuko kwenye vumbi na tumejifunza kwamba kichwa huuawa na mchanga unaobaki juu ya nipeli. Futa nipeli kwa kitambaa kabla ya kuchomeka, kwa kuwa usipofuta, bomba linausukuma mchanga ule hadi kwenye bushi, na punje chache zinazobaki zinasaga sili ya kichwa. Ukimaliza, acha tone la grisi juu ya nipeli ili likamate vumbi la siku hiyo, na siku ya pili lifute. Kichwa chenyewe kivalishwe kifuniko, au kwa uchache kifungwe kwa plastiki safi, na bomba litundikwe mahali pake. Likitupwa sakafuni mwa gari la mafuta, kesho kichwa kitakuwa kimejaa mchanga.

Msimamizi wa Lugoba

Ninawashukuru kwa dhati. Nimefanya jaribio la nipeli ya mkononi kwa vichwa vyote viwili. Cha kwanza kimevuja palepale, na nilipokifungua nikakuta sili imekatika upande mmoja, kwa hiyo nimekiweka kando. Cha pili, kile nilichokuwa nakilaumu, kimepitisha grisi vizuri kabisa. Hosi yangu ni ya M10x1 na kichwa cha akiba kilikuwa cha NPT. Nimekirudisha dukani na kuchukua cha meno manne chenye thredi sahihi.

Kwenye eskaveta ya kwanza, pini mbili za baketi zilikuwa zimeziba. Moja ilikubali mara tu tulipobadilisha mkao wa baketi, na kilichotoka kwanza kilikuwa grisi nyeusi, ngumu kama lami, kabla ile mpya haijaonekana pembeni. Ya pili imelala na dizeli usiku mbili na bado haipitishi.

Fundi Pini, Geita

Usiku mbili zinatosha. Usiongeze msukumo kwenye hiyo, itoe. Ukiwa umeitoa, pima kipenyo chake mahali pa bushi na mahali pasipoguswa, ili ujue kama inarudi au inabadilishwa. Ule mzizi wa nipeli iliyokatika utoe siku hiyohiyo kwa skrubu yenye thredi za kushoto, kisha usafishe tundu vizuri kabla ya kufunga nipeli mpya.

Msimamizi wa Lugoba

Nimeelewa, ndugu yangu. Tumepanga kuitoa Jumamosi mchana, mashine itakapokuwa imepumzishwa, na bushi ya akiba nimeshaiagiza.