Kingo za keki ya harusi: fondanti ya mashmelo, ya gelatini, au krimu tu?

Keki_Ligula
Habari zenu wapendwa. Minada ya korosho imeanza, watu wana hela, na oda za harusi zinaingia kwa kasi. Nina keki ya ghorofa tatu, bibi harusi anataka kila ghorofa izungushiwe kamba ya kusokota na ya chini kabisa iwe na shanga za fondanti. Fondanti (ule donge laini la sukari la kufunikia na kupambia keki) natengeneza mwenyewe. Kwa joto hili la Mtwara, kingo zipi zitakaa bila kulegea: za mashmelo au za gelatini?

Shangani_Mapambo
Gelatini, dada. Mashmelo ni rahisi: gramu 450 unaziyeyusha na vijiko viwili vitatu vya maji, unakandia gramu 900 za sukari ya unga, kazi imeisha. Kufunikia keki inafaa sana. Ila ukiivuta iwe kamba ndefu inarudi nyuma, na unyevu ukizidi inanata vidoleni.

Ya gelatini: sukari ya unga kilo 1, gelatini kijiko kimoja cha chakula, maji mililita 60, glukozi ya maji mililita 125. Gliserini ndiyo ya kuangalia. Mapishi mengi yanataka kijiko kizima cha chakula, lakini gliserini huvuta maji ya hewani, na hewa yetu kuanzia Novemba imejaa maji. Mimi naweka kijiko cha chai tu.

Mama_wa_Mtanda
Niko Lindi, hali ni hiyo hiyo. Mdogo wangu, kabla ya yote soma pakiti ya gelatini. Kuna ya nguruwe na ya ng'ombe, na wateja wetu wengi ni Waislamu. Tafuta yenye alama ya halali. Na usidhani ukienda kwenye mashmelo umeikwepa, nayo mara nyingi imetengenezwa kwa gelatini.

Mikindani_Jikoni
Mwani je? Unalimwa hapa hapa pwani.

Mama_wa_Mtanda
Mwani wetu hutoa karajinani. Inagandisha vizuri, ila haivutiki kama gelatini, na kamba inataka mvutiko.

Mpambaji_Kusini
Mimi nitatetea krimu kidogo. Kwa keki ya birthday inayoliwa saa hiyo hiyo, kingo za krimu ni haraka na watu wanazila hadi mwisho. Harusi ya ukumbini usio na AC hapana, siagi inalainika mapema mno.

Kwa oda yako, chukua fondanti ya gelatini na ukandie CMC (unga wa kuimarisha fondanti), kijiko cha chai kwa kila gramu 500. Funga kwenye nailoni, ilale usiku mzima. Kesho yake paka mafuta ya kupikia ya mgando mikononi, sukuma nyuzi mbili nene kama penseli, zilaze sambamba, halafu anza kusokota katikati ukielekea ncha. Ukianzia nchani, upande mmoja unabana na mwingine unabaki wazi, na jicho la mgeni linaliona hilo kabla ya ua. Brashi ya maji ipite mara moja tu, maji mengi yanayeyusha sukari na kamba inashuka. Maungio yaende nyuma.

Keki_Ligula
Asanteni mno. Nikimaliza niiweke friji?

Shangani_Mapambo
Usithubutu! Ukiitoa kwenye baridi kuingia kwenye joto letu, inatoka jasho na rangi zinachuruzika. Chumba chenye feni kinatosha, feni isiipige keki moja kwa moja.

Keki_Ligula
Sawa. Ukumbi uko Msangamkuu, tutavuka na kivuko.

Mpambaji_Kusini
Basi kamba zibandike nyumbani, shanga zibandike huko huko. Zitoe kwenye moldi (kifaa cha kuzipa umbo) siku moja kabla zikauke, zipange kwenye boksi lenye wanga wa mahindi kidogo, na uchukue za akiba. Gundi ni CMC kidogo iliyolowekwa kwenye maji usiku, ibebe kwenye kichupa pamoja na brashi nyembamba.