Uchaguzi wa madiwani London: nani aliwaambia kura si yetu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitapunguza makali. Tarehe 7 Mei 2026 manispaa zote 32 za London zinachagua madiwani, na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp bado linazunguka neno lile lile: "Msijiandikishe, Home Office (wizara inayoshughulikia viza) watawaona, viza zitaharibika." Wanaolisambaza si watoto. Ni watu wenye vyeo kwenye vyama vyetu vya Watanzania na Wakenya huku, wale ambao mgeni akishuka tu Heathrow anapelekwa kwao apate mwongozo.

Ni uongo. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda aliyetimiza miaka 18, anayeishi hapa kwa kibali halali, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata akiwa mwanafunzi. Hahitaji uraia wa Uingereza. Ni haki ya raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na haiishii kwa madiwani, hata wabunge tunachagua. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, ingawa kodi ya halmashauri wanalipa kama sisi. Wao wana sababu ya kubaki nyumbani siku hiyo. Sisi tuna sababu gani?

Na mtu asiniambie diwani hana kazi. Wangapi humu wanahudumia wazee majumbani, dakika 15 kwa mzee, halafu mbio kwenda kwa mwingine? Fedha za huduma ile nyingi zinapitia halmashauri, na bajeti yake inapitishwa na hao hao madiwani. Nyumba za halmashauri, takataka, taa za mtaani, yote yako kwao.

Kilichonichemsha hasa ni hiki. Wagombea walipita kwenye jengo letu juzi. Wanatembea na karatasi yenye majina ya walioandikishwa, mlango kwa mlango. Wakagonga namba 14, wakagonga 15, namba 16 wakairuka. Humo anakaa mama mmoja wa Kikenya na watoto wake. Chumba cha watoto kina ukungu mweusi uliopanda kutoka kwenye soketi hadi darini, harufu yake unaipata ukiwa bado koridoni. Nikamuuliza kijana mwenye karatasi, mbona hapa hamgongi? Akanionyesha: mbele ya namba 16 hakuna jina. Mama alikuwemo ndani, televisheni inasikika! Mwenye shida kubwa kuliko wote kwenye ghorofa yetu ndiye hakuulizwa kitu. Nilipomfuata baadaye kumuuliza kwa nini hajajiandikisha, akasema kiongozi wa chama chao alimwonya kwamba viza yake haitaongezwa.

Hivi huyo kiongozi analala usingizi?

Ofisi za uchaguzi nazo zina lawama. Zinatuma barua isiyo na jina la mtu, tunaitupa pamoja na vipeperushi vya piza, halafu zinaona zimemaliza kazi.

Mnaosema kura za mtaani hazibadilishi kitu, someni ya Barking na Dagenham, manispaa ya hapa hapa London. Mwaka 2006 chama cha kibaguzi cha BNP kilinyakua viti 12 vya udiwani pale. Chama ambacho kisingetaka hata mmoja wetu abaki nchi hii! Mei 2010 watu wakamiminika vituoni na BNP ikapoteza vyote, haikubaki na hata kimoja.

Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 20 Aprili. Unafanya kwenye simu yako, uwe na namba yako ya National Insurance (bima ya taifa). Siku ya kura lazima uwe na kitambulisho chenye picha: pasipoti ya Tanzania au Kenya inakubalika, hata iliyoisha muda wake maadamu sura bado ni yako. Kitambulisho cha chuo hakikubaliki. Asiye na chochote aombe cheti cha mpiga kura, ni bure, kabla ya saa 11 jioni tarehe 28 Aprili.

Na nyie viongozi mnaotisha watu, najua mnasoma humu. Leteni hapa barua hata moja ya mtu mwenye kibali halali aliyenyimwa viza kwa sababu alijiandikisha kupiga kura. Hamna? Basi rudini kwenye magrupu yenu leo hii, mkawaambie watu mliwadanganya.