Ushauri: Nyanya bonde la Mto Bubu (Bahi) kiangazi hiki, nipande au nisubiri mvua?

Mpangaji wa Bondeni:
Wakuu, kwema? Nimekodi ekari moja kando ya Mto Bubu, upande wa Bahi, Dodoma. Mto kwa sasa ni mchanga mtupu, ila tumechimba kisima cha kienyeji mle mle mtoni na maji navuta kwa pampu ya petroli. Nia yangu ni kusia nyanya wiki hii, nihamishe miche Septemba, nivune Desemba bei ikiwa imepanda. Sasa mzee jirani kanikata maini: anasema upepo mwaka huu umeanza mapema, jua la Oktoba halitaacha kitu. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wanasemaje kuhusu joto? Hela ya mbegu ipo mkononi, naogopa kuizika. Karibuni.

MtamaMweupe:
Mkuu, Oktoba Dodoma haihitaji utabiri, inachoma kila mwaka. Tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini, na mawingu bado hayajaja kulikinga. Joto hilo linaendelea Novemba, mpaka mvua ianze. Mwelekeo wa msimu wa TMA (Novemba hadi Aprili) hutoka wewe ukiwa umeshapanda, na unahusu zaidi mvua, kama itakuwa juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Kwa bustani fuatilia taarifa zao za siku kumi kumi.

Kijana wa Kigwe:
2023 walisema El Nino na kweli ikamwagika. Mwaka huu je?

MtamaMweupe:
Hiyo ni habari ya mvua za Desemba kwenda mbele, mdogo wangu. Nyanya za huyu zitakuwa zimeshaamuliwa na jua.

Mama Bustani:
Mwanangu, nyanya acha. Joto likizidi nyuzi 32 mchana, maua yanapukutika kabla hayajafunga tunda; unabaki na majani mazuri ya kupiga picha. Halafu kiangazi ndiyo sikukuu ya kantangaze (viwavi wanaotoboa majani na matunda ya nyanya) na utitiri, utanyunyiza dawa mpaka uchoke. Weka matikiti. Yanapenda joto na kwa siku 80 au 90 unavuna. Ukipanda mapema Septemba unatoka kabla mvua haijayapasua.

FundiPampu:
Wote mnazungumzia jua, hakuna aliyeuliza maji. Zao lililofunika ardhi, kwa upepo ule wa Oktoba, linakunywa kama milimita 5 au 6 kwa siku. Ekari ni karibu mita za mraba 4,000, kwa hiyo unatafuta lita 20,000 na zaidi kila siku, yaani matenki ishirini ya lita elfu moja. Kisima cha mchangani kinatoa hayo?

Usikisie. Kesho alfajiri kivute mpaka pampu ianze kukohoa, zima, funga jiwe kwenye kamba na pima kina kila nusu saa mpaka maji yarudi pale yalipokuwa. Hapo utajua kinatoa kiasi gani leo. Kisha kwenye hesabu hiyo punguza sehemu kubwa, maana maji ya chini ya mchanga yanazidi kushuka hadi Novemba na majirani wote wanavuta humo humo. Na onja. Ukiona ukoko mweupe kingoni mwa kisima, hiyo ni chumvi. Kuelekea mbugani Bahi iko nyingi na jua linaikoleza.

Afisa Mstaafu:
Shamba liko umbali gani na ukingo wa mto? Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60. Na kuvuta maji kwa pampu kuna kibali, ulizia Bodi ya Maji Bonde la Kati, makao yake Singida.

Mpangaji wa Bondeni:
Shamba liko juu ya barabara ya ng'ombe, mita zimezidi. Kibali mwenye shamba anasema anacho, nitaomba nikione. Kisima nimekipima: mpaka saa nane mchana kilikuwa bado hakijajaa kama awali. Nyanya basi. Naweka matikiti robo ekari. Matandazo napata wapi? Mabua yote yameliwa na ng'ombe.

Mama Bustani:
Nenda mashine za kukoboa mpunga Bahi, omba pumba ngumu, zile zinazorundikwa nyuma. Tandaza kuzunguka shina, lakini usiligusishe. Na mwagilia jioni, siyo saa sita.

FundiPampu:
Robo ekari sawa. Ila dai hicho kibali kabla hujalipa kodi ya pili.