Tupeane uzoefu: ulipobadili simu ulipata nini, ukapoteza nini?

Mzee wa Rangi Tatu
Wakuu habari za jioni. Jana natoka Posta, simu imezima Mtongani huku ikionyesha chaji asilimia 31. Ina miaka minne, kioo kina ufa kama Mto Rufiji na vijito vyake. Mkononi nina laki nne na nusu. Ninunue mpya au nibadili betri niendelee? Mliobadili karibuni semeni ukweli, mlifaidi au mlijuta?

Dada Tabata
Nunua. Yangu ya zamani ilikuwa inachaji saa tatu, hii naiweka nikienda kuoga, nikitoka imefika nusu. Picha za usiku ndiyo usiseme. Hasara yake bando. Siku ya kwanza GB nzima imekatika sijafika Ubungo, kumbe inasasisha programu kimyakimya na video zinacheza zenyewe. Zima hayo mambo kabla hujaweka bando.

Kipanga
Na chaja unanunua mwenyewe. Mimi nilitikisa boksi nikidhani imekwama humo ndani.

Fundi wa Kona
Kabla ya kutoa hela piga *#06#, ile namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, itume 15090 uone jina la simu linalorudi. Likija tofauti na lililoandikwa mgongoni, rudisha. Sijasimuliwa haya. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki nililala na simu mbili, nikaamka na vioo viwili vya kujitazamia.

Mpemba wa Ilala
IMEI haikusaidii ukipigwa. Kariakoo nimeijaribu simu vizuri, nimepiga, nimepokea, nimejipiga picha. Kijana akaniwekea kwenye mfuko, akaufunga fundo. Kufika Boma nafungua, kipande cha sabuni ya mche, kona zimechongwa kabisa.

Kipanga
Angalau ulifua 😂

Mpemba wa Ilala
Nilifulia mwezi.

Baba Wawili
Mnacheka sabuni, mimi nisikilizeni. Yangu ilikuwa mpya ya boksi, lakini ya mkopo. Kianzio elfu sitini, halafu 1,500 kila siku. Bajaji yangu ikaingia kwa fundi, siku mbili sikulipa. Usiku wa manane mke ananiamsha, chupa imepasuka. Nashika simu, kioo kizima kimeandikwa nilipe kwanza. Nabonyeza, inarudi palepale. Hela ninayo, elfu themanini na tano, ila iko kwenye laini, na laini iko ndani ya simu iliyofungwa. Namba za watu zote zimo humo. Kichwani nina ya mama tu, na mama yuko Korogwe.

Nikamgongea bibi wa chumba cha mbele, ana simu ya kitochi. Mjukuu wake ana bajaji, akampigia, kijana anasema tenki tupu, tuma elfu kumi ya mafuta ndiyo nije. Sasa laini yangu ni ile ndogo kabisa na tundu la kitochi ni la laini kubwa, fremu sina. Nikaichomoa kwa hereni ya mke wangu, yeye kaning'ata bega kwa uchungu. Bibi anamulika na kibatari, mkono unamtetemeka. Nikaipanga laini kwa macho, nikaibana na kikaratasi cha vidonge, nikarudisha betri. Weka laini. Nikafungua tena. Weka laini. Mara ya tatu minara ikasimama. Nikatuma hela vidole vinateleza jasho. Tumefika hospitali saa kumi na nusu, saa kumi na moja mtoto huyo.

Deni nimelipa saa tatu asubuhi. Simu ikafunguka, ikaniandikia asante.

Dada Tabata
Jamani bibi apewe kanga doti nzima.

Mhasibu Sinza
Mkataba ulisaini mwenyewe. Hujalipa siku mbili, ulitaka wakufanyie nini?

Baba Wawili
Wewe ulizaliwa au uliokotwa?

Mhasibu Sinza
Nilizaliwa Temeke, bila simu. Hesabu hii hapa: 1,500 mara siku 365 ni 547,500, weka na kianzio, 607,500. Dukani wanaiuzaje?

Baba Wawili
Laki tatu na nusu.

Mhasibu Sinza
Nimemaliza.

Dada Tabata
Hujamaliza. Dereva wa bajaji laki tatu na nusu kwa mkupuo anaitoa wapi? Wateja wenyewe siku hizi wanaita kwa simu.

Fundi wa Kona
Ugomvi pembeni. Pesa inakaa kwenye laini, kwa hiyo kitochi kimoja kisikose nyumbani, na fremu ya laini ndani ya pochi. Mimi nina vitatu.

Kipanga
Vitatu vya nini, unafungua kituo cha polisi?

Mzee wa Rangi Tatu
Nimewasoma wote. Mama watoto naye kasoma, laki nne na nusu imeshakuwa laki nne. Nabadili betri. Fundi mzuri nani?

Mpemba wa Ilala
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wapo wengi. Ila kaa hapohapo mpaka amalize, usimwachie ukaenda kunywa chai.

Fundi wa Kona
Aggrey utawekewa betri ya mtumba. Njoo kwangu.

Kipanga
Aende na sabuni yake kabisa.