Tupeane uzoefu: mliotembea Delhi ya Kale kwa miguu na mwongozaji wenu binafsi

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam.

Februari ya mwaka juzi nilimsindikiza mama yangu Delhi kwa matibabu ya moyo, kama wafanyavyo wengi kutoka Tanzania, na vipimo vilipokwisha tukaambiwa tusubiri siku nne kabla daktari hajatoa uamuzi. Aliyewahi kusubiri hospitali ataelewa kwamba kufikia siku ya pili nilikuwa nimeshahesabu vigae vyote vya ukumbini, na mama mwenyewe ndiye aliyenifukuza. Alisema nende nikaone mji, kwani yeye hana pa kutorokea.

Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alinitafutia mwongoza watalii, mzee wa makamo aliyevaa shingoni kitambulisho cha Wizara ya Utalii ya India, tukakubaliana rupia 2,500 kwa saa nne, mimi na yeye tu. Tulikutana saa mbili na nusu asubuhi nje ya kituo cha Chawri Bazar. Kituo hicho cha treni kimechimbwa zaidi ya mita 20 chini ya ardhi, hivyo mtu hupandishwa na ngazi za umeme kwa muda mrefu akitoka kwenye ukimya na sakafu safi, kisha anatupwa ghafla katikati ya mikokoteni, kengele za baiskeli za abiria, wapagazi, mbwa waliolala usingizi, na nyaya za umeme zilizoning'inia juu kama viota vya mnana.

Nilitarajia aanze na historia. Hakuanza nayo. Alinisimamisha ukutani na kunifundisha kutembea: nikisikia mtu anapiga ukelele nyuma yangu nisiruke pembeni wala nisigeuke, niendelee vilevile nilivyo, kwa sababu mpagazi mwenye gunia kichwani ameshapiga hesabu ya mahali nitakapokuwa, na nikihama ghafla ndipo tutakapogongana. Dakika kumi za kwanza nilitembea kama mtu aliyebeba mayai. Baadaye mwili ulizoea.

Alinifikisha Khari Baoli, soko la jumla la viungo, ambako kabla hujaliona gunia la kwanza la pilipili umeshaanza kukohoa, na nikaona hata wenyeji wameziba pua kwa vitambaa. Mimi ni mtu wa Pemba. Nilipoona gunia la karafuu miguu ilisimama yenyewe. Mwenye duka akanimiminia konzi moja kiganjani, na bila kufikiri nikaanza kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, na kuyatupa, kazi niliyoifanya utotoni kila msimu barazani kwa bibi. Yule mfanyabiashara alicheka, akamwuliza mwongozaji wangu nimetoka wapi, naye alipojibu, mzee yule akaligonga gunia na kusema neno moja: Zanzibar. India hununua karafuu zetu, hilo nililijua kwa kusikia, lakini kuijua habari ni jambo moja na kuikuta kiganjani ni jambo jingine.

Tukaanza kutajiana majina. Iliki kwao ni elaichi, dalasini ni dalchini, duka ni dukan, rangi ni rang, na nilipomwuliza bei akataja laki, nikaelewa bila tafsiri, ingawa baadaye nilitambua kwamba alinitania. Wakati wote huo mwongozaji wangu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, hasemi kitu. Tulikaa pale karibu saa nzima katika saa zangu nne, na hakutazama saa hata mara moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipostahili ujira wake.

Naomba waliokwisha kutembea Delhi ya Kale, au mji mwingine wa Asia wenye msongamano wa namna ile, watueleze walimpataje mwongozaji, walikubaliana nini, na nini kiliwaharibikia.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Kaka, wewe ulibahatika. Mimi nilimpata wangu njiani, karibu na kituo cha treni, baada ya kijana mmoja aliyevaa vizuri kuniambia kwamba ofisi ya habari za watalii niliyokuwa nikiitafuta imefungwa siku hiyo. Haikuwa imefungwa, niliipita jioni nikaikuta wazi. Kijana alikuwa na rafiki, na rafiki ndiye aliyekuwa "mwongozaji", mtu asiye na kitambulisho chochote lakini mwenye Kiingereza kitamu mno.

Nililipia saa tano. Dakika arobaini hivi tulitembea kweli, tukauona ukuta wa Ngome Nyekundu kwa nje, halafu akasema jua ni kali, tupumzike kwa jamaa yake. Jamaa yake alikuwa na duka la mazulia. Tukanywa chai, wakanitandazia mazulia kumi na mawili, nikasema sina haja, nyuso zikabadilika. Kutoka pale tukaenda kwa jamaa mwingine wa mashali, na wa tatu wa mawe ya thamani. Siwalaumu wenye maduka, kwani wao hufanya biashara; aliyekosa uaminifu ni yule aliyeniuza kwao kwa cha juu.

Safari ya pili nilikwenda Mumbai, na nilikuwa nimejifunza. Nilimwandikia mwongozaji kabla sijaondoka nyumbani, nikataja saa, njia, bei, na sentensi moja iliyosimama peke yake: hatutaingia duka lolote ila nitakaloomba mimi. Alijibu "sawa" na akatimiza. Tulitoka kituo kikuu cha reli, lile jengo la Kigothi la karne ya 19, tukapita soko la Crawford hadi barabara ya Mohammed Ali, ambako kwa harufu ya nyama ya kuchoma na sauti ya adhana ningeweza kuapa kwamba niko Mombasa siku ya mwezi wa Ramadhani, tofauti ikiwa ni idadi ya watu tu.

Mchangiaji kutoka Muscat

Mleta mada, Mungu amzidishie mama yako afya. Sisi tulikwenda wanawake watatu, mimi, wifi yangu na mama mkwe, tukamchukua mwongozaji mwanamke, na ningemshauri kila mwanamke anayekwenda bila mume au kaka afanye hivyo, kwa kuwa maswali ya chooni, ya mavazi na ya mahali pa kukaa hayaulizwi kwa kila mtu.

Kosa letu lilikuwa la ratiba. Tulipanga Ijumaa. Msikiti wa Jama uliokamilika mwaka 1656 katika enzi ya mfalme Shah Jahan una ua ambao husemwa unachukua watu wapatao 25,000, na siku ya Ijumaa unaelewa kwa nini waliujenga kwa ukubwa ule. Watalii hutolewa nje nyakati za sala. Sisi tulisali, na hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kutoka baada ya sala na mama mkwe mwenye magoti mabovu kwenye ngazi zile, katikati ya umati unaoteremka wote kwa pamoja. Mwongozaji wetu alitukalisha kwenye kivuli cha baraza ya pembeni na kutuzuia kuondoka kwa nusu saa nzima, wifi yangu akinung'unika, hadi ngazi zilipokuwa tupu.

Halafu wifi akataka kupanda mnara, akaambiwa mwanamke hapandi bila kufuatana na mwanamume. Alikasirika sana, na nusura tuanze majadiliano na mlinzi. Mwongozaji hakubishana naye wala hakututetea kwa sauti. Alisema tu kwamba anajua mahali pengine pa kuuona mji kwa juu. Alituita baiskeli ya abiria kwa ajili ya mama mkwe, tukapita Chandni Chowk yenyewe, barabara ambayo tangu mwaka 2021 magari na pikipiki haviruhusiwi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, na akatupeleka soko la Gadodia ndani ya Khari Baoli hiyo uliyoitaja. Mama mkwe alibaki chini akinywa chai na muuza tangawizi kavu. Sisi tukapanda ngazi chafu, nyembamba, huku makuli wakiteremka na magunia na vumbi la pilipili likitutoa machozi, hadi paani. Kwa chini uliuona ua mzima wa soko na wapagazi wadogo kama siafu, na kwa mbali mapaa ya mji hadi misikiti. Wifi alipiga picha zaidi ya mia na hakuutaja mnara tena.

Jambo moja nililolipenda kuhusu barabara ile: mwongozaji alitueleza kwamba aliyelisanifu soko la Chandni Chowk katika karne ya 17 alikuwa Jahanara, binti wa Shah Jahan, na kwamba katikati ulipita mfereji wa maji ulioakisi mbalamwezi, ndipo likaja jina Chandni. Leo hakuna mfereji. Alitueleza hayo tukiwa tumesimama mahali ambapo maji yalipita, si kwenye gari, si mezani, na ndiyo sababu bado nayakumbuka.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Naomba kutofautiana nanyi kidogo. Nilikwenda peke yangu na ramani ya simu, nikaokoa hela zangu. Ni kweli kwamba ndani ya Kinari Bazaar, zile chochoro za nyuzi za dhahabu na mapambo ya harusi, alama yangu kwenye ramani ilirukaruka kutoka paa moja hadi jingine na nikazunguka duka moja la vilemba mara tatu, hadi mwenye duka akaanza kunisalimia. Lakini nilipotea kwa raha zangu.

Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, sikupingi. Swali langu ni moja tu: uliingia milango mingapi?

Mchangiaji kutoka Nairobi

Hakuna hata mmoja. Hapo umenipata.

Mchangiaji kutoka Unguja

Mimi kazi yangu ni hiyohiyo. Nawatembeza wageni Mji Mkongwe, na kwetu wale waliomchezea ndugu wa Mombasa huitwa mapapasi. Kwa hiyo nilipokwenda Delhi nilimlipa mwenzangu huku nikimkagua, jambo ambalo nilimficha kwa saa mbili za mwanzo.

Niliona vitu ambavyo mgeni wa kawaida havioni. Alitembea hatua moja mbele yangu na daima upande wa mikokoteni. Kila kona alisimama kabla ya kuikata, si baada ya kuikata, ili nisimpoteze machoni. Alikuwa anawasalimia watu, lakini si wote. Alimsalimia mtu mmoja katika kila kichochoro, na baadaye nilielewa kwamba huyo ndiye aliyekuwa na neno pale mtaani, na baada ya salamu hiyo hakuna aliyetusumbua. Maelezo yake marefu aliyaweka mahali penye kivuli. Sisi wengi wa Forodhani hatufanyi hivyo. Tunamchoma mgeni jua huku tukimhesabia masultani.

Pale Chandni Chowk kuna gurdwara, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, iitwayo Sis Ganj Sahib, mahali alipokatwa kichwa kiongozi wao wa dini, Guru Tegh Bahadur, mwaka 1675 kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Aliponieleza hilo nje, alishusha sauti, akanifunga kitambaa kichwani, tukavua viatu na kuosha miguu, kisha badala ya kunipeleka penye ibada peke yake akanipeleka jikoni. Jikoni mle hupikwa chakula cha bure kwa yeyote aingiaye, wa dini yoyote. Akanikalisha miongoni mwa watu waliojitolea, wakanipa kijiti cha kusukumia chapati na madonge ya unga. Nilizisukuma chapati kama anavyosukuma mke wangu, za duara kamili, na bibi mmoja akaziangalia, akaniongezea madonge. Sikuelewa alichosema, ila wote walicheka.

Tulipotoka nikamwambia kazi yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Umenihesabia makosa mangapi?" Nikamwambia mawili. Hakuridhika hadi nilipoyataja. Bakshishi nilimpa, akaikataa mara ya kwanza akisema mimi ni wa nyumbani, akaipokea ya pili.

Mchangiaji kutoka Arusha

Kwa wanaopanga safari: Ngome Nyekundu hufungwa Jumatatu, na maduka mengi ya Chandni Chowk hufungwa Jumapili, kwa hiyo ukichagua Jumapili ili ukwepe msongamano utaikwepa na biashara yenyewe. Mwezi wa Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na Novemba hewa huwa chafu kiasi cha kuumiza kifua. Mimi nilikwenda Novemba nikakatiza matembezi njiani, na mwongozaji alidai malipo kamili. Nilimlipa, kwa sababu hatukuwa tumezungumza lolote kuhusu kukatiza. Yazungumzeni.

Mchangiaji kutoka Muscat

Mleta mada, hukutueleza mwisho wake. Mama alipona? Na zile karafuu ulinunua?

Mleta mada

Alhamdulillah, alifanyiwa upasuaji, na sasa anatembea kwenda sokoni mwenyewe. Karafuu nilinunua robo kilo, ingawa ni upuuzi kwa Mpemba kununua karafuu India na kuzirudisha nyumbani. Jioni ile nilimpelekea kitandani, nikamsimulia habari zote za soko, za yule mzee na gunia lake. Alinisikiliza hadi mwisho, akafungua karatasi, akanusa, akatafuna moja polepole na kuitema mkononi.

"Ni za kwetu," alisema, "lakini si za mwaka huu. Wamekuuzia za zamani."