Uliyewahi kupita njia ya kuning'inia korongoni, ulivukaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mimi naogopa kimo. Hata kwenye roshani ya ghorofa ya tatu magoti hulegea. Mwezi wa nne mdogo wangu anayesoma Granada alikata tiketi mbili za Caminito del Rey, kusini mwa Hispania, bila kuniuliza.

Njia ile ilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya wafanyakazi wa mitambo ya umeme wa maji. Mfalme Alfonso XIII alipita pale mwaka 1921, ndipo ikaitwa Njia Ndogo ya Mfalme. Baadaye ilichakaa, watu wakaanguka na kufa mwaka 1999 na 2000, ikafungwa. Ilikarabatiwa na kufunguliwa tena Machi 2015. Safari nzima ni kilomita 7.7, ila kipande chenyewe cha korongoni hakifiki kilomita 3. Unatembea juu ya mbao zilizoshikizwa kwenye jabali, upana kama mita moja, na mto Guadalhorce uko mita 100 hivi chini yako.

Getini unavaa kofia ngumu. Nilikuwa nimesuka rasta nene, kofia ikagoma kuingia, ikabidi nizifumue zile za kisogoni huku foleni inasubiri. Dada zangu, sukeni nyembamba.

Kilichonitia hofu zaidi ni ile njia ya zamani. Bado ipo, chini kidogo ya hii mpya: zege limemeguka, vyuma vimebaki vitupu vina kutu, na penye matobo unaona hewa tu. Niliishika kamba ya chuma mpaka vidole vikafa ganzi.

Katikati kuna bonde, unatembea ardhini kama shambani, na mimi nikadhani tumemaliza. Kumbe daraja liko mwishoni! Urefu wake ni mita 35, na linatikisika watu wakipita. Mdogo wangu alitangulia, akaniambia, "Dada, niangalie mimi tu." Zipu ya begi lake ilikatika zamani, akafunga uzi mwekundu. Nilivuka nikiuangalia ule uzi. Upande wa pili nilikaa chini nikalia, naye akanishika mkono bila kusema neno.

Nyie mlivukaje?

Mchangiaji, Kigali
Dada, pole na hongera. Mimi sikuvuka. Kwenye msitu wa Nyungwe, huku Rwanda, kuna daraja la juu ya miti lililofunguliwa mwaka 2010, urefu mita 160, na palipo juu zaidi ni kiasi cha mita 70 kutoka bondeni. Unaanzia kituo cha Uwinka na mwongozaji, mnateremka msituni, ukungu umetanda. Nilikanyaga hatua nne, daraja likacheza, nikarudi kwenye nguzo. Mwongozaji hakunilazimisha, na namshukuru hadi leo. Mke wangu alivuka, nikabaki namtazama mpaka ukungu ukammeza, na zile dakika zilikuwa mbaya kuliko daraja. Halafu mjue kuna mlima wa kurudi, unapumua kama mgonjwa.

Mchangiaji, Arusha
Mimi nilimpeleka mama Ziwa Manyara, ana miaka 63. Pale kuna madaraja ya kamba kati ya miti, jumla mita 370. Uzuri wake yanaanza karibu na ardhi, yanapanda taratibu hadi mita 18, na pembeni kote kuna wavu. Mama alivua viatu. Alisema anataka nyayo zake zijue zinakanyaga nini. Tulipofika kwenye jukwaa la tatu kima wakawa wanaruka usawa wa macho yetu, akasahau kabisa kuogopa, akaanza kuwasalimia. Kurudi alitangulia yeye.

Mwanzisha mada
Shikamoo nyingi kwa mama! Hilo la kuvua viatu limenigusa. Huko Hispania mbao zilikuwa na vumbi la changarawe, nilikuwa nahisi kama soli inateleza kila hatua.

Kaka wa Kigali, ukipata nafasi anzia Manyara na shemeji, umpe yeye atangulie. Nenda kiangazi, mbao zikiwa kavu. Nyungwe mtarudi baadaye. Na ukivuka, hata nusu tu, uje utuambie hapa hapa, nitakuwa nasubiri.