Mama anaishiwa nguvu za miguu na kila mtu anasema ni uzee tu, ni kweli?

BintiUsambara:

Habari zenu wakuu, naomba mawazo hasa kwa wenye wazazi wakubwa au walio kwenye fani ya afya. Mama yangu ana miaka 72, yupo kijijini huko Lushoto anaishi na kaka na wifi. Mwaka jana alilazwa kwa nimonia, alikaa kitandani zaidi ya wiki, mapafu yakapona vizuri kabisa ila toka pale miguu haijarudi. Nilivyoenda juzi nimeshtuka jamani. Mapaja yamekwisha, mkono juu ya kiwiko ngozi inaning'inia, kunyanyuka kwenye kochi mpaka ajiyumbishe kwanza mbele nyuma halafu ajisukume kwa mikono yote miwili. Sasa hivi anasali kwenye kiti. Chupa ya chai anampa mjukuu amfungulie mfuniko. Na kilichoniuma zaidi, wifi ameniambia kuna siku alimkuta chooni amekaa chini, alichuchumaa akashindwa kuinuka na aliona aibu kuita mtu.

Chakula chake asubuhi chai ya rangi na mkate au muhogo, mchana ugali kidogo na mboga za majani, usiku uji tu anasema tumbo linajaa. Nyama hataki, meno yamebaki machache. Kazi zote wamemwondolea, hata kuchambua maharage hagusi, kaka anasema mama amehangaika na shamba maisha yake yote sasa muda wake wa kupumzika na mi nilikuwa naona sawa tu ni heshima. Ana kisukari anakunywa vidonge, na presha. Majirani wote wanasema ni uzee, mmoja ameniletea habari za unga wa kuongeza nguvu na bei yake imenitisha. Hivi hii hali inarudi nyuma au ndo tukubali?

Kichuguu:

Pole sana dada. Kwa kweli hapo ni umri tu, bibi yetu naye alikuwa hivyo hivyo. Mpeni supu ya mifupa kila siku na msimsumbue na kazi, azidi kupumzika. Mungu amjalie.

FizioMbeya:

Dada shikamoo ya mama uifikishe. Mi ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi na viungo, na wazee wa namna hii naonana nao kila siku, naomba nikwambie kwa msisitizo kwamba umri upo lakini hii ya kusema "ni uzee tu" ndo inayowamaliza wazee wetu. Hiyo hali ina jina kabisa, sakopenia, yaani kupungua kwa nyama ya misuli pamoja na nguvu zake. Jina lilitolewa na daktari mmoja wa Marekani, Irwin Rosenberg, mwaka 1989, na toka 2016 Marekani wameipa namba yake kwenye orodha rasmi ya magonjwa, kama ugonjwa unaojitegemea. Misuli huanza kupungua taratibu toka miaka ya thelathini na kitu, ukivuka 60 kasi inaongezeka, na nguvu zinaondoka haraka kuliko hata nyama yenyewe, ndo maana unaweza kumkuta mzee ana mwili tena mnene kabisa lakini kunyanyuka hawezi.

Sasa hapo kwenye kulazwa ndo penyewe. Kuna utafiti wa mwaka 2007 waliwalaza wazee wazima wenye afya zao siku 10 tu kitandani, hawaumwi chochote, na walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi! Mama yako alikuwa na homa, hakuwa anakula vizuri, na nimonia inakula misuli juu yake. Kijana akitoka hospitali anarudi kwenye mihangaiko na misuli inarudi yenyewe, mzee akitoka anapokelewa na kochi. Kaka yako anampenda mama hilo halina ubishi, lakini hiyo "pumzika mama" ndo inamnyima miguu. Samahani Kichuguu ndugu yangu sikubaliani na wewe hata kidogo kwenye kumwongezea mapumziko, na supu ya mifupa ni tamu ila maji yake peke yake hayajengi misuli, bora ale nyama iliyoiva ikalainika humo ndani.

Hatari zake sio miguu tu. Ataanguka, na mzee wa kike akivunjika nyonga wengi hawarudi kutembea kama mwanzo, wengine tunawapoteza ndani ya mwaka. Halafu kisukari: sukari ya chakula sehemu kubwa inaenda kuhifadhiwa kwenye misuli, misuli ikipungua sukari inakosa pa kwenda, inapanda, na kisukari nacho kinazidi kula misuli. Akiugua tena hana akiba ya mwili ya kupigania.

Mfanyie kipimo hiki kesho. Kiti cha kawaida kisicho na mikono kiegemee ukuta, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5, we shika saa ya simu na mtu asimame pembeni yake. Ikizidi sekunde 15 au akishindwa bila mikono basi nguvu zimeshuka kweli na anahitaji kuonwa.

Na kuhusu kurudi: inarudi! Mwaka 1990 huko Boston mtafiti Maria Fiatarone alichukua wazee 10 dhaifu wa kituo cha kulelea wazee, wenye miaka 86 mpaka 96, akawafanyisha mazoezi ya uzito ya mapaja wiki 8, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani asilimia 174, na wapo walioacha fimbo. Mama wa miaka 72 ni kijana kwao.

Mama Nuru:

Mwenzangu hapo kwenye chakula mi ndo nimesimama. Mama anashiba ndio ila anashiba wanga. Wataalamu wanashauri mzee apate gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwahiyo mama wa kilo 55 anatakiwa gramu 55 mpaka 66 kwa siku, na mtu akiwa anatoka kuugua zinapanda kidogo. Sasa hesabu hiyo chai ya rangi na mkate, hapati hata gramu kumi asubuhi nzima. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, tena hiyo ndo nafuu kuliko kitu chochote unachouziwa kwenye kopo. Huo unga achana nao, hela hiyo inanunua trei za mayai.

Kama meno ni shida usimlazimishe minofu. Dagaa wasage unga, kijiko kizima ukoroge kwenye uji wa usiku au kwenye mchuzi, sisi tunawakaanga kavu kwanza na kitunguu na tangawizi halafu tunasaga, harufu haisumbui. Uji upikwe kwa maziwa badala ya maji. Maharage yaliyopondwa na nazi, mtindi, samaki wa mchuzi, yai la kuvuruga. Na muigawanye, asubuhi mchana jioni, isiwe protini yote siku moja jumapili kuku kachinjwa.

Ila dada kisukari na presha vinaharibu figo, kabla hamjampandishia protini apimwe figo kwanza. Mwenye figo mbovu hesabu yake ni nyingine na apangiwe na daktari. Na kama uzito umeshuka haraka haraka bila sababu, msikimbilie misuli peke yake, akapimwe na kifua kikuu, sukari yenyewe imekaaje, tezi ya shingo, hata mawazo, mzee akiwa na huzuni chakula hakipiti.

BintiUsambara:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimempigia wifi tumefanya kipimo cha kiti kwa video, bila mikono ameshindwa hata kuinuka mara ya kwanza, kwa mikono amefika mara tatu akachoka. Nimelia baada ya kukata simu. Figo tutapima wiki ijayo anaenda kliniki ya kisukari. Ila FizioMbeya mtu aliyeshindwa hata kusimama mazoezi anaanzia wapi? Huko hakuna jimu, mfiziotherapia yuko mbali na kaka anaogopa ataanguka.

FizioMbeya:

Usilie dada, bahati nzuri mmemgundua bado anatembea. Jimu haihitajiki. Anaanzia pale pale alipo: kiti kiwekewe mto mgumu au blanketi lililokunjwa kiwe juu zaidi, kiti kikiwa juu kusimama kunakuwa rahisi. Asimame akijisaidia na mikono, akae TARATIBU, asijitupe, maana hapo anaposhuka taratibu ndo paja linafanya kazi hasa. Mara nne tano, apumzike, arudie. Akizoea punguzeni blanketi, baadae punguzeni mikono. Akishika meza aweza kunyanyua visigino, na kupiga hatua za ubavuni kwa ajili ya balansi, wifi awe karibu. Chupa ya maji ya nusu lita ni uzito tosha wa mikono kwa kuanzia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazee wafanye mazoezi ya nguvu na balansi angalau siku 3 kwa wiki, ila hili la kiti hata kila siku kidogo kidogo haina shida. Lazima iwe ngumu kiasi, akiona ni rahisi ongezeni, kuchoka ni sawa, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuhema sana mnaacha na kwenda hospitali. Na kwa sababu anatumia vidonge vya sukari asifanye kabla hajala, na wamuulize daktari wa kliniki kama dozi iko sawa maana sukari inaweza kushuka.

Maharage arudishiwe achambue, na achukue mwenyewe ungo ulipo. Bustani ya mboga nyuma ya nyumba aende. Kaka asimzuie, amfuate.

Na choo msingoje. Fundi apige bomba la chuma au mti mgumu ukutani usawa wa mkono akiwa amechuchumaa na mwingine akiwa wima, na kile kiti cha plastiki kilichokatwa katikati kinawekwa juu ya tundu, mafundi wengi wanakijua. Taa iwepo usiku, kandambili zinazoteleza zitupwe avae zenye kamba nyuma.

Kichuguu:

FizioMbeya asante mkuu, hapa nina baba mkwe wa miaka 78 na kiti cha kipimo nimeshakitafuta. Swali, yeye goti moja linamuuma sana la muda mrefu, afanye hivyo hivyo au?

FizioMbeya:

Afanye, ila kiti kiwe juu zaidi na asishuke mpaka pale goti linapoanza kulia. Paja likipata nguvu goti nalo linapumua. Kama limevimba na ni la moto aonwe kwanza.

BintiUsambara:

Fundi wa choo anakuja jumamosi. Kaka amebisha mwanzo, nimemsomea hapa yote mpaka akanyamaza, akasema basi ataenda nae bustanini jioni.